Debe la Kutemea

Kazini Shimanzi naonja chai mia mbili kabla ya adhuhuri:
nafyonza kwa kelele, nazungusha ulimini, natema debeni.
Sekunde nne. Hii imeungua. Hii ilichumwa mvua ikinyesha.
Hii, jamani, mpeni mtu aliyenikosea.

Jioni nateremka Mwembe Tayari kwa Mselem,
aliyetandaza vitabu juu ya turubai la buluu
kati ya muuza chaja na muuza kashata,
na ulimi wangu haujui kupumzika.

Riwaya ya mapenzi, kurasa mia tatu na ushei.
Bwana anamlilia bibi tangu sura ya kwanza,
wala hakuna aendaye sokoni, hakuna anayeumwa jino.
Watu wasioumwa jino siwaamini.
Debeni.

Ya upelelezi siri yake niliijua ukurasa wa kumi na mbili,
ila nikaendelea, kwa sababu yule mpelelezi
humkaangia mama yake mayai kila alfajiri
na mwandishi hasemi kitu juu ya hilo, ameliacha hapo tu.
Kwa mayai yale nikamsamehe maiti wote wanne.

Kuna mtu hunitangulia. Simjui.
Ana kalamu ya kijani na hasira za karibu.
Pambizoni mwa ile ya mapenzi: Muongo huyu!
Kwenye nyingine: Mbona kila anapokufa mtu mvua hunyesha?
Na chini ya shairi moja refu la kusifu amani,
beti sitini, zote zimeishia kwa -ni,
kaandika: Nimefika kwa miguu, naomba maji.
Nilicheka hata Mselem akadhani nimepaliwa.

Mashairi nina kesi nayo.
Marehemu shangazi Mwanasiti alihesabu mizani kwa kucha
juu ya meza ya mbao, tak, tak, tak,
na mshairi aliyepungukiwa silabi moja
hakukaribishwa hata maji.
Mimi nasoma yenye vina, nasoma yasiyo na vina;
kila upande una wavivu wake.
Lakini mtu akinibana sana, namjibu kwa kipimo cha shangazi:

Kina sio msumari, wa kupigilia wazo
Ni mlango una siri, wa kupita bila tozo
Ukiubana kwa shari, bawaba zaleta zozo
Shairi halina mzo, hupimwa kwa kunyamaza.

Basi.

Vibonzo je? Nilivibeza.
Nikaviweka fungu moja na ubuyu:
vya watoto, vinatia rangi ulimi, vinakwisha.
Mpaka Twahir, mwana wa kaka yangu, akaokota kimoja
pale pale turubaini kwa shilingi hamsini,
akakiweka kando ya kikombe changu, akaenda zake kuoga.
Hadithi ya kuli wa bandarini, wino mweusi mtupu.
Nikasema nitaipa sekunde nne.

Ukurasa wa thelathini hauna neno hata moja.
Kuli ameketi juu ya gunia, anamega boflo,
anakula nusu.
Nusu anaifunga kwenye gazeti, anaitia mfukoni.
Kisanduku kinachofuata: mfuko tu,
umevimba kidogo.

Nusu ile nilikuwa nikiila mimi.
Baba akirudi saa mbili usiku, ananuka gunia na jasho,
anasema kuna mtu kampa, yeye ameshashiba,
na mimi nikamwamini miaka yote ya shule ya msingi,
nikamwamini hadi jana.

Chai ilipoa, ikafunga utando.
Sheria ya kwanza tuliyofundishwa: muonjaji hamezi.
Nikameza, na utando wake.

Halafu nikaugeuza ukurasa huku na huku chini ya taa,
nikitafuta yule wa kijani kasema nini.
Hakusema. Pembeni mwa ule mfuko
palikuwa na nukta moja, imenenepa,
mahali kalamu ilipotua, ikakaa,
ikainuliwa.